Kuosha kinu cha nyuklia kwa kemikali: yale maji machafu huenda wapi na yanapunguzwa aje?

FundiBoila_Viwandani

Habari za jioni wasee. Mimi ni fundi wa boila, kazi yangu ni kuosha boila na paipu za viwanda kwa asidi, Industrial Area, Athi River, saa zingine Thika, miaka 11 sasa. Swali langu ni la nyuklia lakini mnivumilie nianze na boila juu ndio kitu naijua.

Mwezi uliopita tulikuwa kwa kiwanda kimoja, boila ya lita 6,000, ukoko umeshika kwa mirija mpaka mafuta yanachomeka na mvuke hauji. Tukachanganya asidi ya haidrokloriki asilimia 5 na ile dawa ya kuzuia chuma kisiliwe, tukaizungusha na pampu kama masaa sita. Ukisimama pale kwa dramu ya kurudishia unaona povu linapanda, maji yanaanza yakiwa safi, yanakuwa kama chai ya rangi, halafu kahawia nzito kabisa, na povu likikatika unajua ukoko umeisha. Hapo kuosha kumeisha na shida ndio inaanza, juu lazima utoe ile asidi, lita 6,000, usuuze mara mbili, hio ni 12,000 ingine, halafu uzungushe magadi kuua asidi iliyobaki, 6,000 tena. Jumla lita 24,000 za maji machafu, kwa ukoko ambao ukiukausha na kuuweka kwa mizani haufiki kilo 150. Mwenye kiwanda akaniambia nifungulie mtaro tu. Nikakataa, tukakosana hapo, mwishowe nikaita lori la maji taka na pesa yangu ya siku mbili ikaenda na hilo lori. Sijutii.

Sasa hii mipango ya kujenga kinu cha nyuklia hapa kwetu, kwanza tuliskia Kilifi halafu sai ni Siaya, ilinifanya nianze kusoma usiku. Nikakuta kumbe hata vinu vya nyuklia vinaoshwa ndani kwa kemikali, ama kabla ya matengenezo makubwa ama vikishazimwa kabla ya kubomolewa. Nikashtuka. Kama mimi kilo 150 zinanipa lita 24,000, hao wenye mfumo wa laki mbili laki tatu za lita wanatoa nini? Na hayo si maji ya kuitia lori. Kwa hivyo nauliza, ule uchafu wenyewe ni nini, juu maji yao naskia ni safi kuliko hata ya dripu, na je kuna njia ya kuosha bila kuzaa mlima wa taka zingine? Naomba mtu anayejua kweli. Ya tunataka nyuklia ama hatutaki tuweke kando kwa leo.

Mwanakemia_SouthB

Kaka, hapo kwa mtaro ulifanya kitu cha maana sana na nakushukuru, juu mtaro unaishia mtoni, na huo mto unapita kwa watu wengi kabla ufike baharini.

Mimi nilisomea kemia hapa Nairobi halafu nikaenda Korea Kusini miaka miwili kwa mambo ya vinu, kwa hivyo nitajaribu. Uchafu wao sio ukoko wa chokaa kama wako. Maji ni safi kweli, lakini ni moto sana, karibu digrii 300, na yanazunguka kwa chuma miaka na miaka, kwa hivyo chuma kinatoa ngozi nyembamba ya kutu, oksidi ya chuma, nikeli na kromiamu, unene wake ni maikromita chache tu, huwezi hata kuishika na kucha. Kwa kutu ya kawaida hio si kitu. Shida ni kwamba vipande vidogo vya hio kutu vinabebwa na maji vinapita katikati ya mafuta ya urani, vinapigwa na nyutroni, halafu vinaenda kukwama mbali kwa paipu na vali. Kobalti ya kawaida iliyo kwenye vali ngumu inageuka kobalti 60, na nikeli inageuka kobalti 58, zote mbili zinatoa mionzi. Hio 58 inapungua nusu kila siku 71 hivi, si mbaya, ukingoja inaisha. Ile 60 inachukua miaka 5 na robo kupungua nusu tu. Ndio inayompiga fundi mionzi akiingia kufungua pampu ama kukata paipu. Kwa hivyo wanaosha ili binadamu aweze kukaa pale ndani masaa anayohitaji bila kuumia, hio ndio sababu, si usafi wa macho.

Kitu cha kwanza lazima kiingie kichwani ni kwamba asidi haiui mionzi. Hakuna kemikali inaua mionzi. Kobalti 60 iliyokuwa kwa ukuta wa paipu inahamia kwa maji, na kutoka kwa maji lazima ihamie kwa kitu kingine unachoweza kufunga na kuzika. Kwa hivyo ukisema "kupunguza taka" hupunguzi mionzi, unapunguza mzigo unaoibeba. Mionzi yenyewe ni ile ile, iwe kwa tani 50 ama kwa tani 2.

Zamani, miaka ya 70 na 80, walikuwa wanafanya karibu kama wewe, kemikali nzito, na walikuwa wanapenda sana zile zinazoshika chuma kwa nguvu kama EDTA. Halafu Waingereza wakaleta njia inaitwa LOMI, inatumia vanadiamu na asidi ya pikoliniki, ilikuwa nzuri na ya haraka, lakini kemikali ikishafanya kazi yake mara moja imekwisha, huwezi kuirudisha, yote inaishia kwa resini, zile punje ndogo za plastiki zinazoshika vitu vilivyoyeyuka kwa maji. Unamwaga kilo, unazika kilo. Ni huko ndio watu walianza kuuliza swali lako.

Njia inayotumika sana sai, na hapa ndio utamu uko, ni ya hatua hatua. Kromiamu kwa ile ngozi haiyeyuki na asidi laini, kwa hivyo unaanza na pamanganeti, ile dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda na mboga, inaigeuza kromiamu iwe ya kuyeyuka. Halafu unaweka asidi ya okzaliki, ile iko hata kwa mchicha na spinachi, inayeyusha chuma na nikeli na kobalti inatoka nao. Maji yako kama digrii 90 hivi, na kemikali ni kidogo sana, gramu moja au mbili kwa lita. Wewe unatumia gramu 50 kwa lita, linganisha. Na hawamwagi maji wasuuze na mengine. Maji ni yale yale mwanzo hadi mwisho, yanazunguka, yanapita kwa resini, resini inashika chuma na kobalti, na asidi inaachiliwa huru irudi kuyeyusha zaidi. Asidi moja inafanya kazi mara nyingi. Tena kuna ujanja ndani yake, juu chuma kilichoyeyuka kikiwa cha chaji tatu kinashikana na okzaliki na resini ya kushika metali haikioni, kinapita tu, lakini ukikimulika na mwanga wa ultravayoleti kinashuka kuwa cha chaji mbili na resini inakidaka.

Mwishowe, badala ya kuishika hio asidi yenyewe kwa resini, unaweka haidrojeni peroksaidi chini ya huo mwanga na asidi inavunjika inakuwa kaboni dayoksaidi na maji. Basi. Inatoka kama hewa, ikipitia chujio. Unabaki na maji safi na resini iliyobeba metali peke yake. Hio ndio Wajerumani wanaita CORD UV. Wajapani wana zao, moja inatumia ozoni badala ya pamanganeti, ingine haidrazini, na Wakorea nao wametengeneza yao ya haidrazini. Kinu chao cha kwanza, Kori 1, kilianza kazi rasmi ya kuuza umeme 1978 kikazimwa 2017, na 2024 ndio walianza kuosha mfumo mzima kabla ya kubomoa.

FundiBoila_Viwandani

Dada nimesoma mara tatu. Hapo kwa maji kuwa yale yale mwanzo hadi mwisho nimekaa nikafikiria sana, juu mimi robo tatu ya taka yangu ni maji ya kusuuza na ya magadi, si hata asidi yenyewe. Lakini sasa resini si ni taka pia? Sisi kwa sofna, ile mashine ya kulainisha maji, tunaosha resini na chumvi inaanza upya, wao hawaoshi?

Resini_na_Chumvi

Hapo ni kwangu, nimeuza na kujaza sofna za maji mahoteli na hospitali miaka mingi, Mwanakemia atanirekebisha nikikosea mambo ya nyuklia.

Boss, wao hawaoshi resini na chumvi juu ukiiosha kobalti inarudi kwa maji tena, umerudi ulikotoka na sasa una maji ya chumvi ya mionzi. Resini ikishajaa inatolewa, inakaushwa maji na kuwekwa kwa kontena maalum, ama inachanganywa na simiti. Na hapo kwa simiti kuna balaa, resini inavimba na kunywea, ukiweka nyingi ule mchanganyiko unapasuka, kwa hivyo lazima uweke kidogo kwa simiti nyingi, na ujazo wa taka unapanda tena. Ndio maana kila lita ya resini unayookoa huku mwanzo inakuokolea zaidi ya lita moja huko mwisho.

Nimekaa na kalkuleta, wacha niwaonyeshe kwa hesabu, na hizi ni namba za mfano nimechagua mimi, si za kinu fulani. Tuseme mfumo una maji kyubiki mita 200, na metali yote ya kutolewa ni kilo 60, tuichukulie kama chuma na nikeli ya chaji mbili. Resini ya kushika metali, ile tunatumia kwa sofna, lita moja inabeba kama ekwivalenti 2, hicho ni kipimo cha idadi ya chaji. Kilo 60 ni ekwivalenti 2,100 hivi, kwa hivyo uchafu wenyewe, wote, unaingia kwa resini lita 1,050 hivi. Hio ni tangi moja la maji la nyumbani. Hapo nimedhani resini inajaa mpaka mwisho, kazini haijai yote, lakini ukubwa ndio huo.

Sasa angalia sabuni. Okzaliki gramu 2 kwa lita mara lita 200,000 ni kilo 400, hio ni moli 4,400, moli ni kipimo cha idadi ya chembe. Kuishika unahitaji resini ya aina ya pili, ya anayoni, yaani inayoshika vitu vya chaji hasi, na hio lita moja inabeba ekwivalenti 1 hivi tu, nusu ya ile ingine. Hata ukihesabu kila moli ni chaji moja, unahitaji lita 4,400. Na unarudia mizunguko tuseme mitatu, kwa hivyo lita 13,000 na zaidi. Umeona? Uchafu lita 1,050, sabuni ya kuutoa lita 13,000. Mtu akikuambia kuosha kinu kunazaa taka nyingi muulize ni taka ya kinu ama ni taka ya sabuni. Ukiivunja okzaliki kwa ile peroksaidi na mwanga, hizo 13,000 hazipo.

Bado pamanganeti. Gramu 0.3 kwa lita ni kilo 60 kwa mzunguko, moli 380. Manganizi itakula resini kama lita 380, na kama umenunua pamanganeti ya potasiamu, ile potasiamu itakula lita 190 zingine, na potasiamu haijafanya kazi yoyote pale, imekuja kama abiria tu. Mizunguko mitatu ni lita 570 za kuzika abiria. Nikitafuta nikaona kumbe hao wa CORD wanatumia asidi ya pamanganiki, haina potasiamu kabisa. Nikapenda hio sana. Kwa ozoni hata manganizi hakuna, inafanya kazi inarudi kuwa oksijeni.

Hii kitu imenifundisha hata mimi. Nimekuwa nikiuzia watu dawa kwa kuangalia bei ya kilo, sijawahi angalia ile kilo itakufa ikiwa nini.

Nyar_Alego

Mimi ni mzaliwa wa Siaya naishi Umoja. Najua mmesema siasa kando na nitaheshimu, lakini nyinyi mnaongea kuhusu kuzika kama kwamba udongo hauna mtu. Mama yangu analima karibu na ziwa. Anachota maji ya ziwa, samaki ni wa ziwa, ng'ombe wanakunywa ziwa. Mwanakemia umetaja EDTA ukapita haraka. Hio ni nini na kwa nini waliiacha? Naomba jibu la ukweli hata kama halifurahishi.

Mwanakemia_SouthB

Dada yangu pole nilipita haraka, na swali lako ndio zito kuliko yote kwa hii thredi.

EDTA na ndugu zake ni kemikali zinazokumbatia metali kwa nguvu sana. Kwa kuosha paipu ni sifa nzuri. Kwa udongo ni hatari. Kwa kawaida kobalti ikiingia kwa udongo inashikwa na mfinyanzi na kutu ya udongo, haiendi mbali, inakaa pale inazeeka. Lakini ikiwa imekumbatiwa na EDTA udongo hauwezi kuishika, inateleza na maji ya ardhini. Hii si nadharia. Huko Oak Ridge, Tennessee, Marekani, walizika taka kwa mitaro miaka ya nyuma, na 1978 watafiti wakachapisha kwamba kobalti 60 ilikuwa inatembea kutoka hapo na iliyokuwa inaibeba ni EDTA, ile ya kazi za kuosha. Na EDTA haiozi haraka, walikuta bado ipo baada ya miaka. Ndio maana Marekani sheria yao sasa inataka taka yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya kemikali za aina hio ziandikwe jina na kiasi, huwezi kuzika kimya kimya.

Kwa hivyo ukipima taka usipime ukubwa wa kontena peke yake. Unaweza kuwa na kontena ndogo yenye sumu inayotembea na kontena kubwa iliyotulia, na mimi ningechagua ile iliyotulia. Okzaliki ikivunjwa haibaki kitu cha kubeba kobalti. Hio kwangu ni sababu kubwa kuliko hata zile lita 13,000.

Na resini zenyewe, juu ni plastiki, huko Erwin, Tennessee tangu 1999 kuna mtambo unaozipika kwa mvuke wa moto sana mpaka ile plastiki inaondoka na kubaki mabaki makavu kama madini, madogo sana. Kuna pia njia ya kushika metali kwa umeme badala ya resini, inatoka ikiwa chuma kavu. Ni ghali. Lakini ni afadhali watu wa Siaya wajue zipo, waulize mapema, wasiambiwe baadaye kwamba hakukuwa na njia.

Afrika sai kituo cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi ni kimoja, Koeberg, chenye vinu viwili, karibu na Cape Town, tangu 1984, na taka zake za kiwango cha chini na cha kati wanapeleka Vaalputs, mamia ya kilomita kaskazini, kwa sababu ni nchi kavu, mvua haba. Sisi tunaongea kuhusu ziwa. Hilo ni tofauti kubwa na linafaa kuulizwa kwa sauti.

Nyar_Alego

Asante dada. Nimeelewa. Nitaiandika hio ya kontena iliyotulia na inayotembea, siku wakija kwa baraza niulize hivyo hivyo, kwa Kijaluo, mama pia aelewe.

Mzee_wa_Tabini

Vijana, mimi nilistaafu kwa mitambo ya umeme, Olkaria na kwingine, na mambo ya ukoko kwa paipu nayajua, mvuke wa ardhini una silika inayoshika kwa tabini kama kioo. Nina swali moja la mzee. Mmesema hio kobalti 60 inapungua nusu kila miaka 5. Kinu kikishazimwa, kwa nini usikifunge mlango ukangoja? Miaka 50 na kitu ni nusu mara kumi, imebaki sehemu moja kwa elfu. Hukutumia hata tone la asidi. Taka ya kuosha ni sufuri. Waingereza si wanafanya hivyo na vinu vyao vya zamani?

Mwanakemia_SouthB

Mzee shikamoo. Ni kweli kabisa, mipango yao mingi kwa vile vinu vya zamani vya gesi ilikuwa kufunga na kungoja miongo kadhaa, na kwa taka ya kuosha hakuna njia inayoshinda kutoosha. Sitabishana na hio hesabu. Lakini kuna mambo mawili yananisumbua. La kwanza ni watu. Baada ya miaka 50 fundi aliyejua vali gani iko wapi, paipu gani iliwahi vuja, hayuko. Wewe mwenyewe mzee unajua ni vitu vingapi kuhusu tabini zako haviko kwa karatasi yoyote. La pili, kobalti ikiisha zinabaki zingine, nikeli 63 inapungua nusu kwa karibu miaka 100, haimpigi fundi kwa nje lakini kwa kuzika bado unaihesabu. Na kwa kinu ambacho bado kinafanya kazi huwezi kungoja, jenereta ya mvuke ikiharibika leo mtu lazima aingie leo.

Mimi naona tuseme hivi, usioshe mfumo mzima kama kazi iko kwa pampu moja. Funga vali, osha hio pampu. Kwa matangi na vyumba Wafaransa wana jeli unayopaka ukutani, inakauka, inapasuka vipande kama tope la ziwa kavu, unafyonza na vakyumu, maji machafu hakuna. Si kila kitu lazima kijazwe asidi.

Mzee_wa_Tabini

Marahaba binti. Hapo kwa watu umenishika. Mimi sijaulizwa kitu tangu nistaafu, na kuna vali moja naijua hadi usingizini.

Lakini ongeza kitu kimoja, kwetu tulijifunza kwamba ukoko unaanza kupigwa vita siku ya kuchora, si siku ya kuosha. Kama kobalti inatoka kwa vali ngumu, kwa nini waliweka kobalti kwa vali?

Mwanakemia_SouthB

Kwa sababu ile aloi, stelaiti, ni ngumu ajabu, haiishi hata vali ikifunga na kufungua mara elfu. Lakini ni kama nusu yake kobalti na zaidi. Sai kuna aloi za chuma zisizo na kobalti za kuweka mahali pale, na kwa vinu vingine tangu miaka ya 1980 wanaweka zinki kidogo sana kwa maji, zinki inakaa zile nafasi kwa ngozi ya oksidi ambazo kobalti ingekaa. Na zinki hio lazima iwe imepunguzwa zinki 64, la sivyo nayo inageuka kuwa ya mionzi. Nchi inayoanza kujenga ina bahati hapo, inaweza kuandika kwa mkataba kabla hata ya msingi kuchimbwa: vali gani, kobalti kiasi gani, na siku ya kuosha mtatumia kemikali gani na itaisha ikiwa nini. Ukishajenga, umeshaolewa na hizo vali.

FundiBoila_Viwandani

Nimerudi. Samahani nilikuwa site tangu asubuhi.

Nimesoma yote na nimefanya kitu leo. Boila ndogo, lita 2,000, kiwanda cha sabuni. Badala ya kuweka asilimia 5 kama kawaida nilikwangua kipande cha ukoko nikakipima, nikakadiria ni kilo ngapi kwa mirija yote, nikahesabu asidi inayotosha hio peke yake na ya ziada kidogo. Ilitoka asilimia 2 na nusu. Nikaiongeza polepole nikiangalia povu na karatasi ya kupimia, sikumwaga yote mara moja. Ilichukua masaa mawili zaidi, kijana wangu alinung'unika. Na maji ya suuza ya pili nimeyaweka kwa tangi niliyoazima, kesho kwa boila ingine jirani yatakuwa ya kuchanganyia asidi, si maji mapya. Taka ya leo ni lita 6,000, ingekuwa 8,000.

Resini, nimekutumia ujumbe, nataka unielezee kama ile okzaliki inaweza kufanya kazi kwa kutu ya boila zetu na mimi nawezaje kuivunja mwishoni, juu taa ya ultravayoleti ya maji naona ziko kwa maduka ya Kirinyaga Road lakini sijui kama nguvu yake inatosha.

Resini_na_Chumvi

Nimeona ujumbe. Kwa kutu tupu itafanya, lakini kwa ukoko wa chokaa usijaribu, okzaliki na kalisi zinashikana zinakuwa unga mweupe usioyeyuka, utaziba mirija yote. Kwa hivyo kwanza leta kipande cha ukoko tupime kama ni kutu ama ni chokaa. Na hizo taa za dukani ni za kuua vijidudu, ni ndogo, kwa lita 2,000 utangoja sana. Jumamosi niko stoo, kuja na ndoo ya lita 20 ya yale maji yako ya kahawia tujaribu na hio kwanza, na ubebe miwani na glavu, peroksaidi inachoma.